Siku moja ya kuweka emuleta kwenye mashine kongwe ya gemu za sarafu bila kukata waya

Saa 2 asubuhi. Emuleta ni programu ya kompyuta inayoiga bodi za gemu za zamani. Kabla ya kuiweka, mashine inawashwa kwanza na bodi yake ya asili, ile saketi iliyobeba gemu, kabla skrubu yoyote haijaguswa. Kama ina ubovu, ujulikane sasa, maana ukionekana jioni fundi ndiye atakayebebeshwa. Bodi ikiwa imechomekwa, mita kwenye pini za volti 5 isome kati ya 5.0 na 5.1. Baada ya hapo ni kupiga picha kila waya na kila plagi kwa simu.

Saa 3. Bodi inachomolewa kwa kushikwa kingo, inaingia kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli na inabaki ndani ya kabati la mashine. Mwenye mashine asije kuitafuta miaka kumi baadaye. Mashine hii inafuata JAMMA, mpangilio uliotoka Japani mwaka 1985: kiunganishi kimoja cha pini 56, kimebeba umeme, picha, sauti, jostiki na sarafu. Hapo ndipo kazi yote inapofanyikia. Kadi ya aina ya J-PAC inachomekwa mahali pa bodi, upande wa pili inaingia VGA na USB ya kompyuta. Kompyuta inaziona batani kama kibodi. Tazama ufunguo wa plastiki kwenye nafasi ya 7. Viunganishi vingi vimeupoteza, na ukichomeka kinyume unaweza kuunguza kitu.

Hadi saa 6 ni kazi za kawaida. Kompyuta inafungwa kwenye ubao unaotumia matundu yaleyale ya skrubu za bodi, inapewa pawasaplai yake, na BIOS, mipangilio ya kuwasha kompyuta, inapangwa iwake yenyewe umeme ukirudi. Diski inawekwa hali ya kusomwa tu, kwa sababu mashine hizi huzimwa ukutani. Faili za gemu lazima zilingane na toleo la MAME, emuleta yenyewe, la sivyo hazifunguki. Sauti inataka ampea (kikuza sauti) ndogo, kwani kwenye JAMMA ampea iko kwenye bodi ya gemu, kabati lina spika tu. Ampea nyingi za kisasa hazipendi waya hasi wa spika uunganishwe na ardhi (graundi). Pima pini L, ya waya huo hasi, kwanza. Kama imeungwa na ardhi, tafuta ampea ya aina nyingine.

Saa 7 simu inaita, ni mwenye mashine. "Fundi, kwa nini usitoe hiyo skrini ukaweka LCD? Halafu nataka Street Fighter II, batani sita." Paneli, ubao wa jostiki na batani, ina tatu kwa kila mchezaji. Bosi, hatutoboi. Inatengenezwa paneli ya pili kwa vipimo vilevile na vifungio vilevile, batani za ziada zinaingia moja kwa moja kwenye kadi, na ile ya asili inahifadhiwa. "Lakini kutoboa si dakika kumi?" Ni dakika kumi kweli. Kuziba tundu la mbao yenye michoro ya kiwandani ndiko hakuna anayekuweza. Mazungumzo yanazunguka hapohapo mpaka chakula kinapoa.

Mchana wote unaliwa na picha. Monita inataka kHz 15, yaani mistari ya picha kama 15,000 kwa sekunde, kompyuta kwa kawaida inatoa 31. Kadi inazuia ishara hiyo isifike, ndiyo maana skrini ni nyeusi wakati wa kuwaka. Hilo si kosa. VGA pia inatoa volti 0.7 tu kwa kila rangi, wakati bodi za zamani hutoa zaidi ya hapo, hivyo bila kikuzaji picha hupauka. Yote hayo yamekaa sawa, bado picha ina rangi ya maji ya bahari. Nyekundu haipo. Unapekua programu, unabadilisha kebo ya VGA, unarudi kwenye programu, na shida ni pini 12 ya JAMMA, inayobeba nyekundu: ulimi wake wa shaba umelala na kushika kutu. Spiriti ya isopropili na ncha ya sindano kuunyanyua kidogo, nyekundu inarudi.

Halafu picha imeegemea kushoto. Mkono unavutwa kwenye kitufe cha monita, na hapo ndipo pa kujizuia. Kitufe kile kiliwekwa kwa ajili ya bodi ya asili. Ukikigeuza, bodi ikirudi ndiyo itakayokaa upande. Emuleta ni mgeni, afuate taratibu za nyumba. Picha inasogezwa kutoka kwenye kompyuta, kwa kubadili muda wa ukimya kabla na baada ya kila mstari.

Mortal Kombat ya 1992 inatembea Hz 54.7 (picha 54.7 kwa sekunde), na monita hii haiishiki, picha inabingirika. Ukiilazimisha Hz 60 itakimbia karibu asilimia 10 zaidi, au itakuwa inakwama-kwama. Inaondolewa kwenye orodha, mteja anune.

Giza likishaingia, kadi inachomolewa na bodi ya asili inarudishwa. Volti zinapimwa tena, picha inalinganishwa na zile za simu. Ikiwa sawa, kadi inarudi na mashine inaachwa iwake saa nzima mlango wa nyuma ukiwa umefungwa, kwa sababu monita ikipata moto picha husogea, na marekebisho ya mwisho hufanywa ikiwa moto.