Kozi haina lekcha ila jasho linakutoka
Nilipoanza PhD ya uhandisi wa nishati na michakato huku NTNU, chuo kikuu kilichopo Trondheim, Norway, nikaambiwa lazima nipate krediti 30 za kozi, nikasema aah poa, kukaa darasani nimezoea tangu Dar. Kumbe kozi zingine mko wawili watatu tu, hakuna lekcha wala nini, mnapewa orodha ya kusoma na profesa mnakutana naye mara moja moja.

Wiki tatu za kwanza nimesoma kama gazeti yaani, napiga kalamu ya njano kila mahali najiona nimeelewa. Siku ya kikao profesa kaniuliza swali moja tu, joto liko nyuzi 90 muda wote, nje nyuzi 10, asilimia ngapi ya hilo joto unaweza kuigeuza kuwa kazi, yaani nguvu ya kuzungusha mashine? Nikabaki namtolea macho. Na hesabu yenyewe mistari miwili, geuza nyuzi ziwe kelvini (ongeza 273), 283 gawa kwa 363, toa kwenye moja, unapata kama asilimia 22, hapo ndo eksaji (ile sehemu ya nishati inayoweza kugeuka kazi) inapoanzia, na hiyo ni kwa mashine isiyopoteza chochote, ambayo duniani haipo. Na hiyo ndo fomula ya Carnot, naijua tangu digrii ya kwanza jamani!

Sasa hivi sisomi bila karatasi pembeni. Nafunga makala, najaribu kuitoa fomula mwenyewe, nikikwama naandika nimekwamia wapi, na hizo kwama zangu ndo napeleka kwenye kikao. Mwenzangu yeye anachora mikondo ya joto kwa mkono kabla hajagusa kompyuta, nilimcheka weee, wiki iliyofuata na mimi nikanunua penseli.