Tiara Isiyo na Uzi

Ami alikuwa na mgogoro na wachumaji wake. Wao walisema karafuu za vileleni bado changa, zingojewe wiki moja. Yeye alikuwa na hakika zimeshaanza kufunguka, na karafuu ikishafunguka ua, mali imekwenda. Bei ya serikali wakati ule ilikuwa shilingi 14,000 kwa kilo ya daraja la kwanza, si pesa ya kuiachia maua. Lakini goti lake la kushoto halikumruhusu tena kupanda akajionee mwenyewe, na mkarafuu si mti wa kujaribia. Tawi lake hukatika ghafla, bila kulia kwanza. Basi mimi, niliyekuwa nimefika Mtambwe, Pemba, kwa likizo ya siku nne na sanduku la kadibodi, nikafungua mdomo.

"Ami, nitakuonesha kutoka juu. Kesho asubuhi."

Hiyo ilikuwa Oktoba 2017. Ndani ya sanduku kulikuwa na kidege nilichokiunda kwa mikono yangu: fremu ya plastiki ya F450, yaani milimita 450 kutoka mota moja hadi inayoikabili, rafadha za inchi 10, betri ya lithiamu ya seli tatu, na bodi ya APM 2.6 iliyokuwa ndiyo ubongo wake. Kule Unguja watu walishazoea droni kidogo, kwa kuwa mwaka mmoja nyuma ulianza mradi wa kupiga visiwa picha kwa ajili ya ramani, na wanafunzi wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, walikuwa wakirusha zile eBee, ndege za povu zenye mabawa. Zile mota ikizima zinaelea mpaka chini. Changu hakina bawa hata moja. Mota zikizima, kinashuka kama nazi.

Kukiunda kulinitoa jasho. Mwezi mzima wa kwanza uliliwa na mota moja tu. Mbili lazima zizunguke kufuata saa na mbili kinyume chake, la sivyo kidege kizima kinazunguka kama pia. Moja yangu ilikaidi. Nilifungua, nikafunga, nikahisi nimeuziwa kitu kibovu, nikamtukana muuzaji kimoyomoyo. Kumbe dawa yake ni kubadilishana waya mbili zozote kati ya tatu zinazoingia kwenye mota. Kazi ya dakika mbili na tone la risasi ya kulehemu. Muuzaji wa watu hakuwa na kosa, na mpaka leo nikikumbuka yale matusi naona haya.

Kitu kimoja kilivunjika safarini. Jipiesi, kile kidude kinachokijulisha kidege kilipo, ilikuwa imekaa juu ya kijiti, imeinuliwa mbali na mwili wa kidege kama kofia ya mtu mrefu. Ndani ya boti mtu aliegesha gunia juu ya sanduku langu, kijiti kikakatika. Nilipofika nikachukua utepe nikaibandika jipiesi palepale juu ya kibao cha kati, karibu na nyaya za betri. Nilijiambia kile kijiti kilikuwa urembo tu.

Saa nne asubuhi tulikuwa uwanjani mbele ya nyumba. Kipindi cha maleleji kile, upepo hauna mwenyewe: unavuma kidogo huku, unaghairi, unavuma kule. Watoto walikuwa wameshajaa. Mmoja alikizunguka kidege mara mbili, akainama kutazama chini yake, akaniuliza, "Tiara gani hii haina uzi?" Nikacheka. Nilikuwa na raha siku ile, siwezi kusema uongo.

Kiliruka vizuri. Vumbi lilitimka, kuku wakakimbia, kikapanda wima mpaka usawa wa vichwa vya mikarafuu, labda mita kumi na mbili. Hapo nikarusha swichi ile inayokiambia kisimame palepale hewani kwa kufuata jipiesi, ili kamera itulie.

Kikasimama. Sekunde chache. Kisha kikateleza kidogo upande wa kushoto, kikajirekebisha, kikapitiliza. Kikachora duara dogo la upana wa jamvi. La pili likawa la upana wa ua. La tatu lilivuka mpaka juu ya shamba la jirani likarudi kwa kasi, kidege kimelala ubavu, mota zinapiga kelele. Dawa ilikuwa kuirudisha ile swichi, nikishike kwa mkono. Nilijua. Nilishawafundisha vijana wawili jambo hilohilo kwa kujigamba kabisa. Lakini kidole changu kilikwenda kwenye kila kitu isipokuwa swichi.

Kikaingia kileleni. Sauti ilikuwa kama mtu anapasua vijiti vya kuwashia moto, haraka haraka, halafu kimya. Majani yakashuka, na kipande cha rafadha. Kidege chenyewe hakikushuka.

Aliyevua kandambili ni mchumaji mmoja mwembamba, yuleyule aliyekuwa akisema kwa sauti kubwa kuliko wenzake kwamba karafuu bado. Akapanda bila kuulizwa. Alipofika juu akapiga ukelele, "Yakhe, kinalia hiki!"

"Hiyo kengele ya betri! Chomoa plagi ya manjano, na usiguse rafadha!"

Kikanyamaza. Akakitia ndani ya pakacha, akakiteremsha kwa kamba kama anavyoteremsha karafuu. Mwenyewe akashuka baadaye, na mkononi ana kishada kimoja alichokikonyoa kulekule. Akampa Ami huku anatazama pembeni. Karafuu zake zilikuwa nyekundu, na tatu au nne zilishapasuka, zimetoa zile nyuzi nyeupe. Ami akakigeuza, akakinusa, akakitia mfukoni.

"Kesho mnapanda," alisema, na habari ya karafuu ikaishia hapo.

Kisha akakaa barazani na kidege changu mapajani. Ami alifanya kazi ya jahazi miaka mingi, Tanga na Mombasa, kabla ya lile goti. Akagusa jipiesi iliyobandikwa utepe. "Na hiki?"

"Hicho ndicho kinachokijulisha kilipo. Na dira imo humohumo."

"Dira umeilaza juu ya mavyuma?"

"Si vyuma, Ami. Nyaya za shaba. Shaba haivutwi na sumaku." Nilimweleza kwa upole ule wa mtu aliyesoma, upole unaoudhi.

"Haya," akasema.

Ile "haya" haikuniacha. Baada ya magharibi watu wamekaa kwenye jamvi wanachambua karafuu na makonyo, mimi nimejitenga pembeni na mabaki yangu. Nikafungua dira ya simu, nikailaza kando ya waya wa betri. Imetulia. Nikawasha mota tatu zilizosalimika, bila rafadha, nikaongeza mwendo taratibu. Sindano ikateleza. Nikapunguza, ikarudi. Nikaongeza tena. Na hapo zilikuwa zinazunguka bure bila mzigo. Hewani zinanyonya umeme mara nyingi zaidi ya ule. Ndiyo maana nilipoirekebisha dira chini, mota zimezimwa, kila kitu kilionekana safi. Kidege kilidhani kinajisukuma kurudi mahali pake, kumbe kinajisukuma pembeni, na kila kilivyojitahidi ndivyo duara lilivyopanuka. Hans Christian Ørsted aliiona sindano ya dira ikigeuka kando ya waya wenye umeme mwaka 1820. Swali hilo nililijibu kwenye mtihani, nikapata alama zote.

Nikaenda kwenye jamvi. "Ami, si chuma. Ni umeme unaopita ndani ya shaba."

"Kwa hivyo haikufaa kuwekwa pale."

"Haikufaa."

Akaendelea kuchambua.

Kadi ya kamera ilikuwa nzima. Nikamwekea picha kwenye laptopu, nikitaraji tucheke. Vichwa vya mikarafuu vinapita, paa la bati, bahari. Mikarafuu, bati, bahari, kila mara kwa kasi zaidi. Karafuu zenyewe hazionekani, ukungu mtupu wa kijani. Ami akavaa miwani, akasogea.

"Rejesha."

Nikarejesha.

"Simamisha hapo." Kidole chake, kilichotiwa weusi na utomvu wa makonyo, kikagusa kioo pembeni kabisa, palipokuwa na doa jeupe kwenye maji nje ya mikoko. Miaka mingapi hajateremka pwani, sikuthubutu kuuliza. "Dau la nani lile?"

Sikujua. Hata tanga nilikuwa sijaliona mpaka yeye alipolionesha.

"Atakwama huyo," akasema. "Hutazami rangi ya maji? Yanatoka. Rejesha tena."