Kamera mbili anwani moja, nilivozitenganisha kwenye seva

Juzi niliitwa Mkunazini, kuna ami yangu ana duka chini na juu yake gesti, kaweka seva moja ya Linux irekodi kamera za pande zote mbili. Akanionesha skrini, "Mwanangu, hapa ndo pa ukumbi wa juu lakini mie nauona mlango wa duka, kulikoni?" Na kweli, picha mbili, mlango ule ule, mpaka baskeli iloegemezwa ukutani ni ile ile.

Kumbe kila upande ulifungwa na fundi wake na wote wametumia 192.168.1.0/24, yaani anwani zote zinazoanza na 192.168.1, kamera ya chini 192.168.1.64 na ya juu nayo 192.168.1.64. Anwani hizo tangu miaka ya tisini zimeachiwa mitandao ya ndani, kila mtu anajipangia, ndo maana zinagongana sana. Ningebadilisha za juu nikamaliza, ila paswedi zake hamna anaejua.

Seva ina kadi mbili za mtandao, enp1s0 ya chini na enp2s0 ya juu. Nikaandika ip route get 192.168.1.64, kuuliza anwani hiyo inafatwa kwa kadi gani, jibu enp1s0, kila mara. Jedwali la njia, yaani orodha ya mtandao upi unapitia kadi ipi, ni moja na mtandao ule ule umo mara mbili, basi inashika mmoja tu. Mji Mkongwe ukiulizia kwa Bi Fatma utaulizwa Bi Fatma yupi, seva haiulizi, inakwenda tu.

Nikajaribu ping -I enp2s0, yaani kuiita kamera kwa kulazimisha kadi ya juu, kimya, lakini tcpdump, ya kutazamia kinachopita kwenye kadi, inaonesha jibu la kamera linafika! Hapa palinila muda wallahi. Tatizo ni rp_filter, ukaguzi wa kerneli (kiini cha Linux), ilokuwa 1, yaani jibu likiingia enp2s0 kerneli inaangalia yenyewe ingeifata kamera hiyo kwa njia gani, inaona enp1s0, inalitupa. Nikaweka 2, ukaguzi ulolegea, ping ikajibu. Lakini programu ya kurekodi haina pa kuchagulia kadi, kwa hiyo bado.

Mwisho nikaipa kadi ya juu chumba chake cha mtandao humo humo ndani ya seva (netns), ip netns add juu, halafu ip link set enp2s0 netns juu, humo ndani ina jedwali lake la njia peke yake. Angalieni, kadi ikihama anwani yake inafutika, muirudishe. Nikaunganisha chumba na seva kwa veth, kama waya wa kubuni wenye ncha mbili, nikawasha ip_forward humo ndani ili kiruhusu data ipite, nikatumia NETMAP, kanuni ya kugeuza anwani, 10.20.1.0/24 igeuke 192.168.1.0/24, na MASQUERADE kwenye enp2s0, yaani maombi yatoke kwa anwani ya kadi hiyo, ili kamera ijue pa kurudisha jibu. Nje nikaongeza njia moja tu ya 10.20.1.0/24 kupitia veth. Sasa kamera ya juu seva inaiita 10.20.1.64, na kamera yenyewe sikuigusa.

Seva ikizimika netns inapotea yote, na umeme wetu munaujua, kwa hiyo amri zote nimezitia kwenye skripti, systemd, ya kuwasha huduma za Linux, inaiendesha kabla ya programu ya kurekodi. Tukazima tukawasha mara mbili mbele ya ami, mara zote ukumbi wa juu ukarudi, na mtu anafagia.