Mawakala wako wengi, afande

Saa saba usiku, umeme upo, usingizi haupo. Jumanne mtaani kwetu tulipiga zile kura za siri za kumtaja mwizi, na leo Jumamosi bado naziota nikiwa macho, kwa hiyo acha niandike.

Habari ya mitungi ya gesi mnaijua. Toka mwezi wa nane huku mlimani inaibiwa mitungi tu, ile midogo ya kilo sita, mtu anaingia kuoga anatoka jiko lipo mtungi hamna. Betri za sola mbili, simu sijui ngapi. Kamati ya ulinzi ya mtaa ikaita mkutano pamoja na mkaguzi wa polisi wa kata, afande mdada hivi, mpole, anaongea taratibu mpaka unasogea kumsikia, na vijana wetu wa ulinzi shirikishi nao wakaja na filimbi zao shingoni. Watu wakaulizwa wanamhisi nani. Kimya. Nani ataje kwa mdomo, wakati ukimtaja mtu mchana usiku mnalala ukuta mmoja? Basi ikaamuliwa kura za siri. Karatasi zikakatwa kwenye daftari la mwanangu, ndoo ya rangi ikatobolewa mfuniko, unaandika unayemhisi, unakunja, unatumbukiza. Mwanangu mkubwa nikampa peni akawasaidie bibi zetu waliosahau miwani nyumbani (wengine miwani ni kisingizio tu, mnaelewa). Mimi katibu, kwa sababu ya mwandiko, huu mwandiko mzuri utakuja kuniua, nikawekwa na mtendaji tufungue karatasi tusome, afande anaandika.

Nyingi zilikuwa tupu. Moja imeandikwa "mume wangu", moja imeandikwa "wote". Tukacheka. Afu nikafungua moja ya peni ya bluu: "kijana wa kwa wakala anaerudi usiku".

Afande akainua macho. "Huyu wa kwa wakala ni nani, unamfahamu?"

Nikasema, "Mawakala wako wengi, afande."

Basi. Akaandika kama ilivyo, tukafungua nyingine.

Sasa tangu hapo nahesabu mawakala wa hela za simu. Ni kweli tuko wengi, sikudanganya. Tuko wanne kuanzia zinapogeuzia daladala mpaka kwenye bomba. Mmoja mzee anaishi na mkewe tu. Mmoja binti yuko peke yake. Wa tatu kafunga kibanda toka Septemba kaenda kulima. Wakala mwenye kijana anayerudi usiku ni mmoja tu mtaa mzima, ndo mimi, na kijana mwenyewe ni mdogo wangu. Na mtendaji alikuwa amekaa pembeni yangu, anamjua, akajikohoza tu akaangalia ndoo.

Ningesema nini? "Ni mdogo wangu, afande, anavua dagaa." Maneno sita. Nimeyasema jikoni, nimeyasema kwenye bodaboda, nimeyasema nikimpa mteja hela mpaka nikampa elfu kumi zaidi (karudisha, Mungu ambariki). Kila nikirudia nakuwa na sauti nzuri zaidi, safari ya mwisho hadi nilimwelezea afande habari ya mwezi. Kwamba dagaa wanafuata taa, na mwezi ukichomoza taa inakuwa haina kazi, mtumbwi unageuza, kwa hiyo leo anaweza kurudi saa sita, baada ya siku mbili tatu saa nane, wiki ikiisha alfajiri kabisa. Kwamba anapanda zile ngazi za mawe na kiroba mgongoni, ndani mna dagaa wa mboga, ila kwa mtu anayechungulia dirishani gizani kiroba kile ni mtungi wa gesi kabisa. Mwizi anapenda giza na mdogo wangu anafanya kazi siku za giza, kalenda yao ni moja, hapo wa kulaumiwa ni nani sasa.

Lakini sikusema. Na mkitaka ukweli, na hapa huwa nasema ukweli, sikunyamaza kumlinda. Niliwaza kibanda. Niliona kabisa mama mmoja anageuka njiani na hela yake ya kikoba anaenda kuiweka kwa wakala mwingine. Floti, yaani hela ya kazi, kwanza, ndugu baadae. Hiyo ndo inanichoma.

Nikampigia baba simu Kwimba. Sikumwambia, nikamuuliza tu enzi zao za sungusungu ilikuwaje, na ukimuuliza baba sungusungu umeuliza mvua. Miaka ile ya 80 mwanzoni ng'ombe zinaibiwa mpaka mchana, vijana wakajikusanya na upinde na mishale, ukipigwa mwano, ule ukelele wa kuita watu, kijiji kizima kinatoka mbio, na sheria ya kuwatambua imekuja mwaka 1989 yeye upinde wake umeshachakaa. Akasema kwao mtuhumiwa alikaa katikati, anayemtuhumu anasimama, anasema, wote wanasikia. Nikasema kumbe afadhali. Shangazi yuko pembeni namsikia anasema muulize na viboko je, anawaficha nini. Baba akakohoa. Mi nakumbuka pia mwaka 2009, zile kura za kuwataja waliokuwa wanaua watu wenye ualbino, zilipigwa huku kanda ya ziwa, baba alienda akarudi akakaa chini ya mwembe mpaka jioni. Hajawahi kusema aliandika nini na sisi hatujawahi kumuuliza.

Kwa hiyo karatasi siichukii, mwenye hofu naye anahitaji pa kusemea. Ila mjue kakaratasi kenyewe kana upana wa vidole vitatu, ngazi na mwezi na kiroba vyote haviingii.

Jumatano ndo nikafanya upuuzi. Kile kikaratasi afande alikichukua lakini mwandiko niliukariri: nukta za i na j hazikuwa nukta, zilikuwa vile viduara vidogo. Mtu mzima gani anaweka viduara? Nikatoa daftari la wakala, mnajua kila mteja anaandika jina na kusaini, nikaanza ukurasa kwa ukurasa na tochi ya simu kama CID. Mdada wa saluni ana viduara. Dada wa chipsi anavyo nusu. Kuna mteja wangu mmoja, sitamsema, viduara hana ila k yake ilinikera tu, Alhamisi asubuhi kaja kutoa elfu ishirini nikamjibu kwa mkato mpaka akaniuliza naumwa. Siku mbili nimenuniana na watu wanne hawajui kosa lao.

Alhamisi hiyo hiyo usiku nipo na daftari langu, mwanangu yupo pembeni na la kwake, homework. Nikatupia jicho. Juu kabisa kaandika Uraia na Maadili. Kwa peni ya bluu. Nukta ya i zote viduara.

Nikahisi tumbo linashuka.

"We, Jumanne uliwaandikia watu wangapi?"

"Watano."

"Nani na nani?"

"Mama, afande alisema ni siri."

"Mi si mama ako?"

"Afande hakusema isipokuwa mama."

Nikamwambia mtoto, ulijua unamwandika mjomba ako? Akaacha kuandika. Akafikiria, akaniangalia na yale macho ya baba yake, akasema, "Uliniambia mtu akisema niandike hivyo hivyo nisiongeze neno."

Na kweli nilimwambia hivyo. Jumanne, nikimpa peni, mbele ya watu, nikijiona katibu.

Jamani nilicheka. Nilicheka mpaka nikatoka nje kukaa kwenye jiwe la kufulia, afu sijui kicheko kiligeukia wapi nikajikuta nafuta macho kwa kanga. Darasa la sita! Kaandika, kakunja, katumbukiza, kaja nyumbani kala ugali na mjomba ake sahani moja hajapepesa. Sijui ni bibi yupi alisema na sasa hivi sitaki kujua, maana wote watano asubuhi nawaamkia wangaluka na nataka niendelee kuwaamkia.

Ijumaa nikamwambia mdogo wangu. Nilijiandaa kwa hotuba, yeye anatia chumvi kwenye mboga. Akasema hata mi dada ningejiona vile usiku ningejiandika. Kumbe vijana wa doria wanamsimamisha kila akipita, wameshazoeana, anawaachia dagaa kwenye mfuko wa rambo na wanamsindikiza mpaka getini. Wote kumi na mbili wanajua ni nani na anatoka wapi. Mtaa mzima aliyekuwa hamjui siku ile ni dada yake. Hilo sikumwambia, ile ya mawakala wengi nimebaki nayo.

Afu akasema anataka na yeye filimbi, ataingia doria siku za mbalamwezi kwa sababu haendi ziwani. Nikamwambia siku za mbalamwezi wezi nao hawaji. Akasema ndo maana nazitaka hizo.

Kwenye ndoo, kama mnataka kujua, kuna jina moja lilirudi mara nyingi na sio letu, limebaki kwa afande na mtendaji na mi nimekula kiapo, niacheni. Na wiki hii hii wifi kajifungua mapacha pale hospitali ya Sekou Toure hapa Mwanza na Baba watoto kaletewa barua ya uhamisho Geita, nitayaandika nikipata nafasi.

Namba ya afande ninayo, alituachia wote, akasema kama ni hatari ya saa hiyo hiyo tupige 112, mengine tumtafute yeye. Nimemwandikia meseji mara tatu. "Habari afande, yule wa kwa wakala". Nafuta. Ya nne ipo hapa naiangalia sasa hivi wakati nawaandikia, nimeiongezea mpaka habari ya mwezi, imekuwa ndefu kama barua ya posa.

Kingine, mvua ya juzi imekula udongo chini ya lile jiwe kubwa la nyuma ya choo. Lile la siku zote, ambalo fundi alisema lipo toka enzi za mababu halitoki. Jana nilichomeka kijiti kwenye ufa, kikabana vizuri kabisa. Saa hizi nimetoka na tochi kuangalia, kijiti kipo chini.