Siku yangu moja Atlanta: mpira wa tumboni au kijiko

Saa 12:30 asubuhi. Chai ya tangawizi bado ya moto, simu inalia. Daktari anataka jibu wiki hii: bibi awekewe mpira wa kulishia tumboni au la? Mimi ni afisa ustawi wa jamii, nazungukia familia za Wamarekani Weusi zinazouguza wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Kazi haiishi, ugonjwa huu huwapata wazee Weusi karibu mara mbili ya Wazungu.

Saa 3. Nyumbani kwa bibi. Namwita "Miss", ndipo jina lifuate. Enzi za ubaguzi Wazungu waliwaita watu wazima Weusi kwa majina matupu makusudi, na wazee hawajasahau, hata huyu asiyekumbuka alichokula jana.

Mezani wapo mabinti wawili, kaka yao kwenye simu kutoka Chicago, na mama wa kanisani asiye ndugu wa damu. Kliniki walimtoa nje. Mimi naanza naye, maana ndiye anayemlisha bibi kila mchana.

Kaka anafoka: "Wanataka mama afe njaa!" Simkatizi. Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, Alabama, serikali iliwaacha mamia ya wanaume Weusi na kaswende bila tiba, ikiwadanganya kwamba inawatibu. Hofu yake ina historia.

Mama wa kanisani anamkalisha bibi wima, anampa nusu kijiko cha tufaha lililopondwa, anangoja ameze, ndipo anaongeza. Taratibu mno. Naeleza: ugonjwa ukishafika mbali, mpira hauongezi maisha wala hauzuii chakula kupalia mapafuni, na wagonjwa wengine hufungwa mikono wasiung'oe. Kaka anauliza, "Na akikataa kijiko?" Hapo ndipo mazungumzo yanaanza kweli.

Saa 8. Makaratasi. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, hailipii malezi ya kila siku ya muda mrefu. Medicaid, ile ya wenye kipato kidogo, inaweza, ila uwe fukara kwanza. Aliyebuni haya sijui kama aliwahi kuuguza.

Saa 11 jioni. Kwa mchungaji, kupanga siku ya kujaza fomu za msemaji wa mgonjwa, yaani wa kukuamulia matibabu usipoweza mwenyewe, watu wangali na akili timamu. Anataka iwe baada ya ibada, na chakula kiwepo. Nami nataka walezi wasio wa damu waalikwe. Wasipoandikwa, hospitalini hutangulizwa mwenzi na watoto.

Saa 2 usiku. Kaka amepiga. Anataka daktari amweleze mwenyewe, na mama wa kanisani awepo. Nimeshatuma ombi la miadi, nusu saa nzima.