Tembo la Mnazi Puerto Vallarta

Saa nane mchana njaa ilinifikisha ufukwe wa Los Muertos, Puerto Vallarta, upande wa Meksiko unaotazama Pasifiki. Migahawa ya mchangani ilibandika bei kwa dola, nikaipita. Mbele kidogo mama mmoja alikuwa akiuza samaki wa kuchoma waliochomekwa vijitini. Jina lake pescado embarazado, yaani samaki mja mzito! Nikadhani ana mayai tumboni. Kumbe utani wa maneno tu: en vara ni "kwenye kijiti", ukilitamka haraka linageuka mimba. Mshikaki, basi. Akaukamulia ndimu, akashika chupa ya pilipili. Nikamuuliza kama inawasha. "Poquito," kidogo tu. Machozi yalinitoka.

Jioni niliagiza aguachile: kamba wabichi ndani ya maji ya ndimu na pilipili za kusaga. Mimi mtoto wa Tanga, kamba namjua wa nazi au wa kukaanga. Nilikula wawili kwa adabu, nikahamia kwenye taco za samaki, yaani chapati zilizokunjiwa samaki ndani. Chapati zake ni za mahindi yaliyochemshwa na chokaa, ile ile ya tambuu, mpaka maganda yakatoka, ndipo yakasagwa. Harufu yake sembe haina. Na mahindi asili yake ni huko huko. Kwetu ni mgeni aliyepewa ugali akakaa.

Lakini kilichonisimamisha nilikikuta Malecón, njia ya matembezi kando ya bahari. Mzee mwenye kofia pana alibeba kibuyu kikubwa, akinadi "tuba!" Alinimiminia kikombe, akatia vipande vya tofaa na karanga. Nikaonja. Tembo! Tembo tamu la mnazi lisilochacha bado, lile ambalo bibi alikuwa akichachushia mkate wa kumimina. Huko nako hukata karara wakakinga utomvu, kama wagema wetu. Ufundi huo waliuleta Wafilipino kwa zile merikebu zilizosafiri kati ya Manila na Acapulco tangu 1565 hadi 1815, na hata jina tuba ni lao. Tofaa na karanga sijui nani aliwatuma, ila zinapendeza kutafuna.

Nilitaka kumsifu yule mzee, nikakumbuka mgema akisifiwa hufanya nini. Nikanyoosha kikombe tu, aongeze.