Kabla paka mdogo wa kuokolewa hajafika, tayarisha chumba kimoja

Wanaojiandaa kumpokea mtoto wa paka mara nyingi huanzia dukani: kitanda cha manyoya, vinyago, bakuli la rangi. Chenye faida kuliko vyote hivyo hakiuzwi, nacho ni chumba kimoja kidogo chenye mlango unaofungika. Paka mdogo aliyetolewa mtaroni, au aliyetoka kwenye kizimba cha kituo cha kuokolea wanyama, hulemewa na wingi. Mpe nyumba nzima kwa mkupuo mmoja na mikono mitano ya kumshika, halafu atakaa nyuma ya friji siku tatu, hali wala hanywi, akitoka usiku tu kukojoa penye giza.

Chumba cha mita mbili kwa mbili kinatosha. Hata bafu lisilotumika linafaa, mradi ni kavu na halina baridi. Piga magoti ukitazame kwa kimo chake. Popote kichwa chake kinapopita, mwili wote utapita, kwa hiyo ziba nyuma ya kabati, chini ya sinki na penye bomba linaloingia ukutani. Dirisha liwe na wavu imara. Kifuniko cha choo kiwe chini saa zote.

Kisha okota nyuzi. Hapa watu hupuuza, kwa kuwa picha ya paka na uzi imezoeleka. Ulimi wa paka una vijimiba vilivyoelekea kooni. Uzi ukishanasa hawezi kuutema, anaumeza. Ncha moja ikishikwa chini ya ulimi au tumboni, utumbo unaendelea kusukuma na kujikunja juu ya uzi kama kiuno cha bukta unapovuta kamba yake, mpaka uzi unakata ukuta wa utumbo. Sindano ya kushonea, utepe wa zawadi, mpira wa kufungia noti, nyuzi za pazia: vyote vitoke. Ukikuta uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute. Huo ni ugonjwa wa upasuaji, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Vitu vingine viwili vinaua bila kuonekana vya hatari. Maua ya lili, kuanzia jani hadi ungaunga wake na maji ya chombo yalimowekwa, huharibu figo za paka. Na paracetamol: ini la paka haliwezi kuivunja, kidonge kimoja kinatosha kumuua hata paka mkubwa. Dawa za kusafishia zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji pia si za kutumia anapokanyaga na kujilamba.

Cha kusafishia ni sabuni kwanza, kisha dawa ya klorini ya kufulia: mililita 30 kwa lita moja ya maji, iache sakafuni dakika 10, suuza, kausha. Utaratibu huo una maana, kwani klorini juu ya uchafu hupoteza nguvu. Kama paka aliwahi kufa humo kwa panleukopenia, ule ugonjwa wa kutapika na kuhara unaofagia watoto wa paka, fahamu kwamba virusi vyake hudumu hadi mwaka mzima. Nyumba ya namna hiyo isimpokee paka ambaye hajachanjwa, na mazulia hayasafishiki vya kutosha.

Vifaa vya chumbani ni vichache. Choo kiwe kona moja, chakula na maji kona ya mbali nacho, maana paka huona kinyaa kula karibu na choo chake na anayekosa nafasi hiyo huhamisha choo, si chakula. Tumia beseni pana lenye upande mmoja uliokatwa ubaki na kimo cha sentimita 5 hadi 7, na mchanga wa kina cha sentimita 3 au 4. Aliye chini ya miezi miwili usimpe mchanga unaoganda ukilowa. Huonja kila kitu, na ule huganda tumboni pia. Chembe za mbao au magazeti yaliyochanwa vinafaa zaidi. Ongeza boksi la katoni lililolazwa ubavu, ndani yake fulana yako uliyoivaa bila kuifua. Boksi hilo ni la kujificha, na akiwa ndani asitolewe kwa kuvutwa.

Kabla ya kumchukua, hakikisha umri kwa mizani ya jikoni na kwa meno. Paka mdogo mwenye afya huwa na takriban gramu 450 kwa kila mwezi wa umri: 900 akiwa na wiki nane, kilo moja na gramu 350 hivi akiwa na miezi mitatu. Meno yote 26 ya utotoni huwa yametoka kwenye wiki ya nane. Akiwa na macho ya buluu bado na magego hayajatoka, unaletewa wa wiki tano, na huyo bado alipaswa kuwa kwa mama yake. Chini ya wiki nne ni kazi nyingine kabisa, ya chupa kila saa chache na chombo cha kumpasha joto, kwa kuwa hawezi kutunza joto lake mwenyewe.

Waulize wanaomtunza anakula nini, tarehe za dawa ya minyoo na chanjo, na kama amepimwa virusi vya lukemia (saratani ya damu) ya paka. Uondoke na mfuko wa chakula hichohicho na konzi moja ya mchanga aliokwisha kuutumia. Ile konzi, ukiichanganya kwenye beseni jipya, itamwelekeza choo kilipo kuliko mafunzo yoyote.

Wiki ya kwanza usibadilishe chakula. Baada ya hapo changanya robo ya kipya na robo tatu ya cha zamani kwa siku mbili, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu ya kipya. Ifikapo siku ya saba umemaliza. Milo minne midogo kwa siku hadi miezi mitatu, halafu mitatu. Maziwa ya ng'ombe humharisha, kwa kuwa wengi wao hawawezi kumeng'enya sukari yake. Chakula cha mbwa hakina taurini, kirutubisho ambacho paka hawezi kukikosa, ya kumtosha, na upungufu wake wa muda mrefu huharibu macho na moyo.

Siku ya kumleta weka kizimba cha kubebea sakafuni mwa chumba, fungua mlango wake, toka. Basi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu mwache hata siku ya tano bila jembe. Keti chini umsomee gazeti kwa sauti ya chini, umwache yeye ndiye akusogelee. Asiguswe kwa mkono unaocheza, kwa sababu kidole kinachochezewa leo ni mkono unaong'atwa miezi minne baadaye. Cheza naye kwa kijiti chenye unyoya.

Akiwa na viroboto, kishawishi ni kumwogesha na kumpaka dawa iliyopo nyumbani. Dawa za viroboto vya mbwa zenye permethrini, kiua wadudu, huwaua paka, na wa gramu 700 akilowa hupoa haraka sana. Tumia kitana chembamba mara mbili kwa siku, ukikichovya kwenye maji ya sabuni, hadi daktari akupe dawa inayolingana na uzito wake. Mfunue mdomo utazame ufizi: ukiwa mweupe badala ya waridi, viroboto wamemnyonya hadi upungufu wa damu, na hiyo haingojei kesho.

Daktari wa wanyama amwone ndani ya siku mbili tatu, na ubebe kinyesi kibichi. Dawa ya minyoo hurudiwa kila wiki mbili. Chanjo huanza kwenye wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Wengi huacha baada ya ya kwanza wakidhani imetosha. Kinga aliyonyonya kwa mama huizuia chanjo kufanya kazi, na hakuna anayejua itaisha wiki gani. Ndiyo sababu ya kurudia. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki ya 12. Kuhasi au kufunga kizazi kusicheleweshwe kupita mwezi wa tano, kwani jike anaweza kubeba mimba akiwa na miezi minne.

Ukiwa na paka mwingine, watengane siku 14 kamili, na nawa mikono unapotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Baadaye badilishana mataulo yao, walishe pande mbili za mlango uliofungwa, kisha uufungue kidogo. Akifoka mmoja, rudi hatua moja nyuma.

Mlango wa chumba ufunguliwe pale anapokula vizuri, anatumia choo, na anakupokea mkia juu. Mtoe kwa saa moja kabla ya mlo, akiwa na njaa, ili arudi mwenyewe kwenye bakuli lake.

Na mizani usiirudishe kabatini. Mpime kila asubuhi kabla hajala, andika. Anatakiwa kuongeza gramu 10 au zaidi kwa siku. Uzito ukisimama siku mbili mfululizo, au akikataa kula kwa saa 12, usisubiri aanze kuhara.